Kumwachia Mwenzetu Chumba cha Sanaa

(Maneno waliyoambiwa wanachama katika mkutano wa walimu, Gatitu, Nyeri)



Leo hatukusimama hapa kusema habari za mishahara, ingawa habari hizo hazijaisha. Tumeombwa tuseme juu ya chumba cha sanaa, na jinsi ya kukitayarisha kwa ajili ya mwalimu wa badala, yaani yule anayeshika nafasi yetu tukiwa hatupo. Labda mtu atasema hili ni jambo dogo la brashi na karatasi. Sisi twasema ni jambo la chama, na sababu yake ni hii.

KNUT ilianzishwa mwaka 1957. Siku zile walimu walikuwa chini ya waajiri mbali mbali, na masharti yao hayakuwa mamoja. Chama kilidai mwajiri mmoja, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikaundwa kwa sheria. Madai hayakukoma hapo. Kwa makubaliano ya mwaka 2021 likizo ya uzazi ya walimu wa TSC ilitoka siku 90 ikawa siku 120, yaani zaidi ya muhula mmoja. Lakini haki ambayo mtu aogopa kuitumia ni nusu ya haki. Mwalimu wa sanaa akiugua, hujiuliza: nani ajuaye nyembe ziko wapi? Nani atatazama vyungu vya watoto? Basi huja kazini na homa yake. Walimu wa namna hiyo twawajua, na wengine wamo humu.

Tena tumfikirie yule ajaye. Mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa na Bodi ya shule kwa mshahara usiofika wetu, na pengine hakusomea sanaa. Akikuta chumba hakina mpango, mtoto akajikata au kazi za darasa zikapotea, ndiye atakayeitwa ofisini. Si haki mwenzetu alipe deni ambalo hakukopa. Awe na kadi ya chama au hana, yeye ni mfanyi kazi kama sisi.

Basi yafaa tufanye mambo matano.

Kwanza, daftari. Litundikwe kwa uzi karibu na mlango. Ndani yake tuandike ratiba, kila darasa limefika wapi, kila kitu kiko wapi, na mwalimu wa jirani wa kuulizwa. Tuliandike kila Ijumaa, si siku ya kuugua. Ugonjwa haupigi hodi.

Pili, vitu vya hatari. Nyembe, visu vya kuchongea na sindano viwekwe katika sanduku moja lenye kufuli, na hesabu yake iandikwe juu ya kifuniko. Vihesabiwe kabla ya somo na baada ya somo. Vanishi na spiriti zifungiwe vile vile. Ufunguo wa pili akae nao naibu wa mwalimu mkuu. Tena tuandike wazi kwamba mwalimu wa badala asiyezoea visu halazimishwi kuvitumia.

Tatu, udongo wa mfinyanzi. Uviringishwe katika gunia bichi na kuwekwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Chungu ambacho hakijaisha kifunikwe kitambaa chenye maji, kwani kikikauka hakikubali kuungwa mkono. Lakini kilichokwisha kiachwe kikauke kabisa, na hapa kwetu mwezi wa Julai, kwa baridi na ukungu, hukauka polepole sana. Chungu chenye maji kikitiwa motoni hupasuka. Kwa hiyo karatasi iwekwe juu ya rafu: “Hivi visichomwe mpaka mwenyewe arudi.” Na vumbi la udongo lisifagiliwe kavu, maana huharibu kifua. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Anayefagia naye ni mfanyi kazi.

Nne, kazi za watoto. Kila mtoto awe na bahasha yenye jina lake, na alama zake ziandikwe katika orodha moja. Kwa mtaala wa sasa, alama za kazi za darasani hupelekwa kwa Baraza la Mitihani. Bahasha ikipotea, si karatasi tu iliyopotea, bali haki ya mtoto.

Tano, masomo matatu ya akiba, yasiyotaka rangi wala fundi mkubwa. La kwanza: kuchora kwa penseli mti au kilima kinachoonekana kutoka uwanjani. La pili: kuchora kwa kukumbuka njia panda ya Gatitu, pamoja na matatu, mikokoteni na wauzaji. La tatu: kusuka kwa maganda makavu ya migomba ambayo watoto wataleta kutoka nyumbani. Asiwepo wa kudharau masomo ya vitu vya karibu. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a habari za Yesu, na nchi aliyoionyesha ni ile ile ya Murang'a. Watu huenda kuzitazama picha hizo mpaka leo.

Ndugu, haya yote yataka saa na yataka fedha. Ndiyo maana twaiomba kamati ya tawi ipeleke mambo mawili kwa wakuu wa shule. La kwanza, saa za kukabidhi chumba zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa anayetoka na kwa anayeingia. La pili, karatasi, gundi na rangi zinunuliwe na shule, zisitoke katika mfuko wa kijana wa Bodi.

Na sisi tukirudi kazini, tumwulize mwenzetu kwanza yeye aliona nini, kisha tumshukuru mbele ya watoto. Kama kuna la kusahihisha, tulisahihishe tukiwa wawili, mlango umefungwa.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Twaomba mkutano uyakubali kwa kura.