Makanisa Yaliyoanzwa Juu
(Hotuba iliyotolewa Butere)



Tangu wamisionari wa C.M.S. walipofika hapa Butere mwaka wa 1912, sisi tumezoea kuona kanisa likianzwa kwa msingi na kumalizwa kwa paa. Leo nataka kuwaelezeni habari za makanisa yaliyoanzwa kwa paa.

Katika milima ya Lasta, nchi ya Uhabeshi, uko mji uitwao Lalibela. Zamani uliitwa Roha. Jina la sasa ni la mfalme wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwisho wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13. Humo yamo makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba. Kwa kanisa la Mtakatifu Giyorgis, mafundi walichimba handaki kuuzunguka mwamba, wakaacha pande kubwa la jiwe katikati, kisha wakalichonga nje na ndani, kutoka juu kwenda chini, hata likapata umbo la msalaba. Mwashi wa matofali akikosea hung'oa tofali akaweka jingine. Aliyekata nguzo ya mwamba kupita kiasi angerudisha nini?

Wenyeji husimulia kwamba malaika walishika patasi usiku, watu walipolala. Padre Mreno Francisco Alvares, aliyefika huko katika miaka ya 1520, aliapa kwa Mungu kwamba aliyoyaandika ni kweli, kwa kuwa alichelea kutosadikiwa. Lakini wako pia walioandika kwamba kazi ile ilifanywa na wageni kutoka Ulaya. Hayo siyakubali hata kidogo. Huko Tigray yako makanisa ya mwambani yaliyotangulia haya, na madirisha ya Lalibela yamechongwa kwa kuiga majengo ya kale ya Aksum. Ustadi ulikuwa wa nchi ile ile.

Ninyi majirani wa Wanga mnajua kwamba kiti cha ufalme hakikosi ugomvi. Mwaka wa 1270 Yekuno Amlak aliuondoa ukoo wa Zagwe, na wafalme waliomfuata, waliojiita wana wa Sulemani, walisema Wazagwe walitwaa kiti kisicho haki yao. Hata hivyo Lalibela huheshimiwa kama mtakatifu, na kaburi lake, kama wasemavyo, limo katika kanisa la Golgotha.

Adui wa sasa ni mvua, ambayo hulila jiwe. Mwaka wa 2008 mapaa makubwa ya chuma yaliwekwa juu ya baadhi ya makanisa, na wenyeji wengi wanayaogopa, wasije yakaanguka na kuponda kile yaliyowekwa kukilinda.