Sanduku Lenye Kufuli Tatu
(Maneno yaliyosemwa Kibuli, Kampala, katika mkutano wa kumbukumbu ya kamati)



Nimeombwa niseme juu ya ushirika kama dawa ya umaskini. Nitaanza na aibu yangu. Kikundi changu cha kwanza hapa mjini kilikuwa cha wauza mboga na vitenge. Tulichanga kila Jumapili. Aliyeshika sanduku ndiye aliyeshika ufunguo, na daftari lilikuwa kwake. Mwaka haukuisha, fedha zikapotea. Wapo majirani ambao hadi leo hatusalimiani. Kwa hiyo siwaambii kwamba kuungana peke yake kunatosha.

Ushirika si jambo geni katika nchi hii iliyotupokea. Mwaka 1913 wakulima wa Singo, Buganda, waliunda chama cha Kinakulya ili wauze mazao yao pamoja, maana mkulima aliye peke yake hupangiwa bei na mnunuzi. Sheria ya kuvitambua vyama kama hivyo ilikuja mwaka 1946. Watu hawakungoja karatasi ndipo waanze.

Jirani zetu Tanzania wanatupa fundisho la pili. Huko Ruvuma, wanakijiji wa Litowa na wenzao walilima pamoja kwa hiari na kupanga mambo yao wenyewe, mpaka chama tawala kilipouvunja umoja wao mwaka 1969. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini kwa amri, wengi wakiacha mashamba yao. Kijiji cha amri kinaweza kukusanya watu, lakini hakikusanyi mioyo.

Fundisho la tatu linatoka Niger. Mwaka 1991 wanawake wa huko, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hiyo imefika hata Uganda: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelitunza sanduku hana ufunguo. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka kila mtu hugawiwa kwa kadiri ya hisa zake.

Tupige hesabu. Watu 20 wakiweka shilingi 5,000 kila wiki, baada ya wiki 4 sanduku lina 400,000. Hiyo ni mtaji wa mama mmoja au wawili, wala hakuna aliyekwenda kuomba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kinachopungua ni mtaji na kuaminiana.

Nasikia wengine wanasema tungoje ruzuku kwanza. Mimi napinga. Fedha isiyotoka jasho letu haina mwenye kuilinda. Kila mtu huiona ya mgeni. Ndugu zetu wa mashirika, tufundisheni kuandika daftari, tusaidieni kununua sanduku, lakini ufunguo tuachieni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vinavyoibiana navyo havivunji kitu. Kama kufuli tatu zingekuwapo siku zile, leo ningekuwa nasalimiana na majirani zangu.