Matembezi ya Kundi Dogo Katika Milima na Visiwa vya Scotland



Mtu wa Nairobi aambiwapo kwamba mlima mrefu kuliko yote katika Uingereza, uitwao Ben Nevis, una urefu wa meta 1,345 tu, huenda akacheka, kwa kuwa mji wake mwenyewe uko juu kuliko kilele hicho. Lakini asicheke upesi. Scotland iko kaskazini sana, upepo wa bahari ya Atlantiki huipiga mwaka mzima, na juu ya mlima huo theluji yaweza kumkuta mtu hata katika mwezi wa Mei. Nchi hiyo ya milima, pamoja na visiwa vyake vya magharibi na miji yake ya kale, hupokea wageni wengi sana kila mwaka. Hotuba hii yahusu namna moja ya kuitembea, yaani kundi la watu wapatao 16 katika gari moja, pamoja na dereva ambaye ndiye pia kiongozi na msimuliaji wao.

Kundi huwa dogo si kwa fahari, bali kwa sababu ya barabara. Katika sehemu nyingi za milimani na visiwani, njia ni nyembamba hata gari moja tu laweza kupita, na kila baada ya mwendo mfupi pana mahali palipopanuliwa ili magari yapate kupishana. Magari hupita kushoto, kama ilivyo Kenya. Dereva aonaye mwenziwe anakuja hungoja penye upana, kisha wote wawili huinuliana mkono kwa kushukuriana. Basi kubwa la watu 50 likiingia katika njia ya namna hiyo, huwazuia mchungaji na kondoo wake, gari la posta, na hata mgonjwa apelekwaye hospitali. Wenyeji wa kisiwa cha Skye wamenung'unika sana juu ya jambo hili, nao wana haki.

Safari huanzia Edinburgh, mji mkuu. Ngome yake imejengwa juu ya jabali lililokuwa zamani volkano, na kutoka hapo barabara ya mawe yateremka yapata maili moja mpaka jumba la kifalme la Holyrood. Pande zote mbili pana vichochoro vyembamba na nyumba ndefu za mawe zilizobanana. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa hatajiona mgeni kabisa, isipokuwa kwa baridi. Saa saba mchana mzinga hupigwa ngomeni kila siku ila Jumapili. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861, ili mabaharia bandarini wapate kusahihisha saa zao, na kila siku mgeni mmoja au wawili hushtuka sana. Katika chuo kikuu cha mji huo ndipo Mwalimu Julius Nyerere aliposoma kuanzia mwaka 1949 hata 1952. Na huko Kenya, jina la Thogoto, karibu na Kikuyu, si jingine ila ni Scotland katika ulimi wa wenyeji, kwa sababu ya wamisionari waliotoka huko.

Stirling hupitwa upesi: ngome nyingine, na uwanja wa Bannockburn ambapo Waskoti waliwashinda Waingereza mwaka 1314. Baada ya hapo milima huanza kufunga pande zote, na gari huingia katika bonde la Glencoe.

Hapa kundi hunyamaza, hata kabla ya kusimuliwa jambo lo lote. Milima ni meusi, maji yaanguka kutoka juu kama nyuzi nyeupe, na mara nyingi wingu limelala bondeni. Mwaka 1692 wakaao hapa walikuwa watu wa ukoo wa MacDonald. Mfalme William aliwaamuru wakuu wa koo zote waape kumtii kabla ya siku ya kwanza ya Januari mwaka huo. Mkuu wa Glencoe alichelewa. Alipokwenda Fort William aliambiwa kwamba kiapo chapokewa Inveraray, mbali, katika theluji, akaapa siku tano baada ya muda kwisha. Mwanzoni mwa Februari wakaja askari wapatao 120, wakaomba malazi. Walipewa. Walikula nyama na kulala penye moto wa wenyeji kwa karibu majuma mawili, wakicheza karata pamoja nao. Alfajiri ya tarehe 13 wakainuka na kuwaua waliowakaribisha. Watu 38 waliuawa, na wengine, wanawake na watoto, walikufa kwa baridi milimani walikokimbilia. Katika sheria ya Scotland, kumwua mtu aliyekuamini lilikuwa kosa lililozidi uuaji wa kawaida. Wasemao mgeni njoo, mwenyeji apone, hawahitaji kufafanuliwa kwa nini jambo hilo halijasahauliwa kwa zaidi ya miaka 300.

Kutoka Fort William njia yafuata reli hata Glenfinnan, penye daraja la matao 21 lililofunguliwa mwaka 1901, kisha hufika bandari ya Mallaig, ambapo feri huvuka kwenda Skye. Tangu mwaka 1995 liko daraja pia upande wa kaskazini, lakini wenye busara huchagua feri.

Yafaa kusema neno juu ya chakula na wadudu. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na unga wa oti, vitunguu na pilipili, kisha kupikwa ndani ya tumbo la mnyama. Wageni wa Ulaya hukunja uso. Mla mutura ataomba sahani ya pili. Ama visubi wa huko, wakati wa kiangazi, jioni isiyo na upepo, ni adhabu. Mtu achukue dawa ya kujipaka pamoja na koti la mvua.

Katika Skye na bara iliyo karibu, msafiri huona mabonde mapana, majani mabichi, na hakuna nyumba. Husema, "Uzuri ulioje! Nchi isiyoguswa na binadamu." Hapo kiongozi mwema husimamisha gari na kuwaonyesha mistari ya mawe ndani ya majani, nayo ni misingi ya nyumba. Watu walikuwako. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, vilivyokwisha kwa muda usiotimia saa moja, nguvu za koo zilivunjika, na wakuu waliokuwa kama baba wa watu wao wakawa wenye mashamba watafutao kodi. Kondoo walilipa kuliko watu. Kwa muda wa karibu miaka mia moja vijiji viliondolewa, wengine wakasukumwa pwani kwenye mawe, na maelfu wakapakiwa melini kwenda Kanada na Australia. Msikilizaji wa Kenya, ambako pia ziko nchi za juu zilizogombaniwa, ataelewa upesi.

Mwaka 1882 wakulima wa Braes, katika Skye, waliponyang'anywa malisho yao walikataa kulipa kodi. Hati za kuwashtaki zilipoletwa, zilichomwa moto. Polisi wapatao 50 walitumwa kutoka Glasgow, na wanawake wakawapokea kwa mawe. Serikali iliunda tume mwaka 1883, na sheria ya mwaka 1886 ikampa mkulima mdogo haki ya kukaa bila kufukuzwa, kodi ya haki, na ruhusa ya kurithisha shamba lake.

Aliye na siku ya ziada asikose kisiwa cha Eigg, kilicho kusini ya Skye. Wageni hawaruhusiwi kuingiza magari, hivyo kundi hutembea kwa miguu. Kwa miaka mingi kisiwa hiki kilikuwa mali ya tajiri mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Juni, 1997, wakazi, waliokuwa kama 65, walikinunua kwa paundi 1,500,000 wakisaidiana na halmashauri ya wilaya, chama cha kuhifadhi wanyama, na maelfu ya watu waliochanga. Sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na mwanamke mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Leo wakazi wamezidi mia moja, na kwa kiasi kikubwa umeme wao, tangu mwaka 2008, watoka katika jua, upepo na maji. Kila nyumba ina kipimo chake, kilowati tano na si zaidi. Mama wa nyumba awashaye birika, jiko na mashine ya kufulia kwa pamoja huona nyumba yake peke yake imeingia giza, na hukaa hivyo mpaka aje mmoja wa majirani wasimamizi kuirudishia moto, huku wageni wake wakingoja chai.