Akikuletea Wimbo Alioutunga, Umwambie Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 Tunajua ni wakati wa palizi na wengine mmeacha jembe katikati ya mstari. Hatutawaweka sana.

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala juu ya kitabu cha hesabu. Mlituomba tuseme juu ya nyimbo. Ombi hilo lilipofika ofisini, mmoja wetu alicheka akauliza nyimbo zina maendeleo gani. Lakini hebu fikirini vikundi vyenu. Ni kikundi gani hapa hakina mtu anayetunga? Harambee haifanywi bila wimbo mpya. Mgeni wa heshima hapokewi kwa hotuba tupu. Na siku hizi vijana wetu wanatafuta riziki kwa nyimbo zao wenyewe, bila kampuni nyuma yao na bila mfadhili, gitaa na simu tu. Wakishatunga, watu wa kwanza wanaowaletea ni sisi na nyinyi. Kijana anakaa hapo, anaimba, halafu anatutazama usoni.

Sasa hapo ndipo tunapoharibu.

Tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe, wala si la kusikia. Kijana mmoja, fundi wa mbao, alitunga wimbo juu ya barabara ya kwao iliyokatwa na mvua, mpaka akina mama wajawazito wakawa wanabebwa kwa machela kufikishwa kwenye lami. Jambo la kweli, na lilimuuma. Akauimba mbele ya mkutano wa kikundi, nasi tulikuwepo. Tulipiga makofi. Tulimwambia, "Vizuri sana, endelea hivyo hivyo." Basi akaendelea hivyo hivyo. Alikopa shilingi 15,000 kwenye mfuko wa kikundi, akaenda mjini kurekodi. Siku wimbo ulipopigwa kwa vipaza sauti mbele ya umati, tuliwasikia watu wakiulizana, "Huyu anaimba nini?" Kiitikio hawakukielewa. Tena wimbo ulikuwa wa dakika saba, na kabla ya ubeti wa nne watu walikuwa wamerudi kwenye chai yao.

Jioni alitujia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alituuliza tu, "Nyinyi mliusikia mapema. Mlikuwa mmeyaona hayo?" Tulikuwa tumeyaona. Kila mmoja wetu alikuwa ameona, na kila mmoja alinyamaza kwa sababu ya adabu. Ule mkopo aliulipa kwa miezi kumi, stuli moja moja.

Kuna na upande wa pili. Tunamjua msichana aliyekuwa akitunga nyimbo za kuwafundisha watoto kunawa mikono na kuchemsha maji. Alipeleka wimbo mmoja kwa mwalimu wa kwaya, mtu anayejua nota kweli kweli, na mwalimu akamwambia mbele ya watu wote, "Huu si wimbo, ni kelele." Tangu siku hiyo hajaleta mwingine. Tukimwuliza anasema kazi za nyumbani ni nyingi. Labda wimbo ule ulikuwa na makosa, hatukatai. Lakini neno "kelele" halikumwonyesha kosa liko wapi. Kwa hivyo mwalimu alisema ukweli wake na msichana hakujifunza kitu.

Mnaona? Kule tulimsifu mtu, huku walimtukana mtu, na wote wawili walirudi nyumbani bila kuambiwa lolote juu ya wimbo wenyewe.

Basi tufanyeje? Tuanze kabla hajaimba. Mwulize anataka mumsikilize kwa ajili gani. Kuna mtu ambaye wimbo wake bado ni mbichi, anatafuta njia ya kuumaliza. Kuna mwingine aliyekwisha kulipa studio, anataka tu mfurahi pamoja naye. Huyu wa pili ukimwambia abadilishe ubeti wa kwanza unamtesa bure. Mwulize pia anawaimbia nani. Wimbo wa harusi na wimbo wa kufundisha juu ya malaria havipimwi kwa kikombe kimoja. Kama ni wa watu wote kuitikia, kiitikio kiwe chepesi na kije mapema. Kama ni wa mtu mmoja na gitaa lake, hayo si ya lazima.

Halafu usikilize mara mbili. Mara ya kwanza usikilize kama mtu yeyote anayepita njiani. Mara ya pili ndipo usikilize kama msaidizi, ukiwa na kalamu. Wengi wetu husikiliza mara moja, tena huku tunapokea simu, halafu tunatoa hukumu.

Ukisema, taja mahali. Usiseme "ni mzuri" wala "ni mbaya." Sema, "Kwenye ubeti wa pili nilipotea, sikujua ni mama anayesema au ni mtoto." Sema, "Pale unaposhusha sauti kabla ya kiitikio nilisimama nikasikiliza, usipaguse." Hilo la usipaguse ni muhimu kama lile la kosa, kwa sababu mtunzi asiyejua nguvu yake iko wapi anaweza kurekebisha wimbo mpaka akaua kile kilichokuwa kizuri. Tumeliona hilo zaidi ya mara moja.

Sasa tuwaeleze kile kiitikio cha fundi wetu, maana kina somo. Semeni pamoja: barabara. Ile ya kupita magari. Mmesikia? Sauti inakaza kwenye silabi ya tatu: ba-ra-BA-ra. Sasa semeni, "Amefanya kazi barabara," yaani sawasawa. Hapo inakaza ya pili: ba-RA-ba-ra. Kiswahili karibu siku zote hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hili la sawasawa ni mojawapo ya maneno machache yanayoacha desturi hiyo. Fundi wetu alikuwa amepandisha sauti na kupiga ngoma kwenye ile ra ya kwanza. Kwa hiyo yeye alililia barabara, na watu wakasikia mtu anayesifu kwamba mambo ni barabara! Ndiyo maana waliulizana. Kosa dogo kabisa. Lingerekebishwa kwa kuanza neno silabi moja mapema, pale pale kwenye mkutano, kwa bei ya kikombe cha chai.

Nyinyi mnaotunga kwa lugha za nyumbani mna kazi kubwa zaidi. Kwa Kikuyu, Kikamba au Kijaluo, kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana yenyewe ya neno. Wazee waliofundishwa nyimbo za Ulaya zilizotafsiriwa wanajua tunachosema: maneno yalilazimishwa kufuata muziki wa watu wengine, na mara nyingine yalitoka na maana ya ajabu. Kwa hivyo sikio la nyanya asiyejua do-re-mi lina kazi hapa. Mwite asikilize, kisha mwulize tu, "Umesikia anasema nini?" Akirudia maneno kama yalivyo, mmepita. Lakini msiwe mapolisi wa silabi. Waimbaji wakubwa hupinda maneno kila siku na tunawaelewa. Simama pale tu maana inapopotea.

Jambo jingine, tenganisheni vitu. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti yake. Kuna namna ulivyopangwa, nani anaanza, ngoma inaingia wapi. Kuna mwimbaji na koo lake la siku hiyo. Na kuna ile rekodi. Mara nyingi mtu anasema wimbo ni mbaya kumbe ni simu. Simu ndogo haitoi vizuri sauti nene za chini. Kwa hivyo ukiletewa rekodi kwenye simu usilaumu besi kwamba haipo, mpaka usikilize kwa spika ya kutosha au kwa vile vya masikioni. Na mkirekodi wenyewe kwa majaribio, simu iwe karibu na mwimbaji na mbali na ngoma. Tumeletewa nyimbo nyingi za kayamba tupu, mtunzi anatuambia, "Maneno ni mazuri, mngeyasikia!"

Hata urefu wa sauti huwa unadanganya. Mtunzi mwanamume huanzia panapomfaa yeye, halafu kiitikio kinapanda, akina mama wanakaza shingo na wazee wananyamaza. Watu husema wimbo ni mgumu. Mwambieni aanzie chini kidogo, muimbe tena, ndipo mwamue.

Pia tusichanganye kosa na mapenzi yetu. Mzee mmoja wa kikundi kimoja tunamheshimu sana kwa jambo hili. Kila akisikiliza wimbo wa vijana huanza hivi: "Mimi gitaa la umeme silipendi, kwa hivyo nikisema juu ya gitaa msinisikilize. Lakini juu ya maneno nitasema." Na kweli juu ya maneno husema vizuri. Kama sote tungejitambulisha hivyo, vijana wangejua wachukue nini na waache nini.

Wengi wenu mmepeleka watoto kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Mmewaona waamuzi. Mwamuzi hutoa alama, lakini pia huandika maelezo, na husimama akasema kwa nini. Watoto husahau alama haraka. Maelezo mwalimu mzuri huyafanyia kazi mwaka mzima. Nyinyi alama hamna haja nazo kabisa. Tena mna kitu ambacho mwamuzi hana: yeye husikia mara moja akaondoka, nyinyi mnakaa na mtunzi, mnaweza kusikia wimbo wiki hii na wiki ijayo.

Msiseme mambo kumi. Mambo mawili yanatosha, yale yanayozuia zaidi. Mtu akibebeshwa makosa kumi kwa siku moja huweka mzigo chini. Na msimtungie wimbo mpya. Ukimwambia "ubeti huu ungeuimba hivi" ukaanza kumwimbia wako, si wake tena. Mwonyeshe shimo, mwache alizibe mwenyewe. Akikataa ushauri wenu, ni haki yake. Ila watu watatu ambao hawajasemezana wakitaja mahali pamoja, hapo na aangalie vizuri.

Wengine huogopa kwamba wimbo ukipita katika masikio ya watu wengi unapoteza mwenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Wimbo wetu wa Taifa, ambao kila mtu husimama ukiimbwa, ulitengenezwa mwaka 1963 na tume ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Na sauti yake waliichukua kwa Wapokomo wa Tana River, ni wimbo wa mama anayebembeleza mtoto. Wimbo wa kulaza mtoto, ukapita mikononi mwa watu watano, ukafika uwanjani. Hakuna aliyesema umeharibika.

Lakini mali ya mtu iheshimiwe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo ni mali ya mtunzi tangu unapoandikwa au kurekodiwa, hata kabla hajauandikisha popote, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuandikisha kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kunasaidia ukitokea ubishi. Kwa hivyo kijana akiwaimbia wimbo ambao haujakamilika, simu zikae mifukoni mpaka yeye aruhusu. Tulishaona wimbo uliosambazwa ukiwa nusu, na mwenyewe alipoumaliza watu wakamwambia ameiga! Na wewe msikilizaji, ukihisi sauti ile umeisikia kwingine, mwambie faraghani na mapema, "Hii inafanana na fulani, hebu sikiliza." Mara nyingi hakukusudia. Sikio huokota vitu bila ruhusa.

Juu ya pesa tutasema neno moja kwa watunza hazina. Mwanachama akiomba mkopo wa kurekodi, wimbo usikilizwe kwanza kwa namna hii, mara mbili, kwa nafasi ya wiki mbili. Hatusemi kamati ndiyo iamue kama wimbo ni mzuri. Tunasema asikopeshwe mtu ambaye hatujamwambia tulichosikia. Sisi tulimkopesha makofi, na deni likawa lake.

Yule fundi, kwa wanaouliza, bado anatunga. Siku hizi akituimbia hatuulizi tumepiga makofi kiasi gani. Anachukua daftari lake, anasema, "Haya, wapi mlipotea?" Mwanzoni tulikuwa tunaona haya kumjibu.

Tumeona kuna mama pale nyuma amekuja na wimbo wa kikundi chao juu ya tangi la maji, na ametuambia haujakwisha. Mama, karibu mbele. Wengine tafuteni kalamu, simu mfukoni. Mama, kabla hujaanza, utuambie: unawaimbia nani, na unataka tusikilize nini?