Karani Aliyerithi Kiwanda: Bessie Williamson na Kazi ya Wiski



Najua wengi katika ukumbi huu hawanywi kileo, wala sikuja kuwashawishi wanywe. Nimekuja kuzungumzia kazi: mwanamke mwenye ujuzi hupitia mlango gani hadi akabidhiwe mamlaka ya kiwanda? Nimechagua wiski ya Uskoti kwa sababu historia yake inalijibu swali hilo waziwazi.

Tuanze na biashara yenyewe. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, hukaushwa, husagwa na kuchachushwa, kisha pombe yake huchemshwa katika mitambo ya shaba ili mvuke ukipoa upatikane kinywaji kikali. Kazi hiyo ni ya wiki chache tu. Kinachofuata ni kungoja. Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na nyingine hukaa 10 au zaidi, huku karibu asilimia 2 ikipotea hewani kila mwaka. Basi anayeamua pipa lipi liuzwe leo na lipi lingoje ndiye aliyeshika kiwanda. Uamuzi huo hufanyika mbele ya daftari la ghala.

Daftari hilo ndilo lililomfunza Bessie Williamson. Alizaliwa mwaka 1910 mjini Glasgow, akasoma katika chuo kikuu cha mji huohuo, na mwaka 1934 akavuka maji hadi kisiwa cha Islay kufanya kazi ya muda ya karani mpiga chapa katika kiwanda cha Laphroaig. Aliitwa kwa kiangazi kimoja. Akabaki kisiwani. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, alikuwa msiri sana kuhusu namna wiski yake inavyotengenezwa. Lakini barua, ankara na hesabu za mapipa hupita mezani kwa karani, na karani mwenye akili haziandiki tu, huzielewa. Hunter alipopata kiharusi mwaka 1938, mambo mengi zaidi yaliangukia mikononi mwa Williamson. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majengo yakatumiwa na jeshi, naye akawa mmoja wa watu waliopaswa kuhakikisha kuwa wiski iliyomo ghalani inabaki salama. Hunter hakuacha mtoto. Alipofariki mwaka 1954, wosia wake ulimwachia Williamson kiwanda.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Williamson alikuwa amefanya kazi miaka 20, na bado kilichomfikisha kwenye kiti cha juu kilikuwa wosia wa mtu mmoja. Kama Hunter angekuwa na mpwa aliyependa wiski, pengine leo nisingekuwa na mhadhara huu.

Wala Williamson hakuwa mwanamke wa kwanza katika kazi hii. Kwenye shamba la Cardow, Uskoti bara, Helen Cumming alitengeneza wiski ya magendo mwanzoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba maofisa wa ushuru walipofikia kwake, alipandisha bendera nyekundu ili majirani wafiche vyombo vyao. Leseni ilipotolewa mwaka 1824, ilikuwa kwa jina la mumewe. Mkwewe, Elizabeth, alikishika kiwanda baada ya kufiwa na mume mwaka 1872, akakijenga upya, na mwaka 1893 akakiuza kwa kampuni ya John Walker kwa masharti yaliyompa mwanawe nafasi kwenye bodi. Mmoja alipitia magendo, mwingine ujane. Ujuzi wao haukuwa na mlango wa halali uliokuwa wao wenyewe.

Narudi kwa Williamson, kwa sababu kuna lawama ninayoipinga. Kuanzia mwaka 1962 aliuza hisa zake kidogokidogo kwa kampuni ya Seager Evans, iliyokuwa mali ya Wamarekani, na wapo wanaosema alikitoa kisiwa kwa wageni. Mimi naona mtu aliyejua hesabu zake. Mitambo ilikuwa inahitaji fedha, na wiski iliyomo mapipani haiwezi kuharakishwa ili ilipe deni. Alibaki uongozini hadi mwaka 1972. Katika miaka hiyo alikwenda Marekani kuinadi wiski ya Uskoti, naye aliona mapema kwamba wanywaji wangeitafuta wiski ya Islay yenye moshi wa mboji kwa jina lake, wakati ambapo nyingi iliishia kuchanganywa na nyingine. Soko lilimthibitisha.

Mwaka 2022, Dkt. Emma Walker, mkemia, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mchanganyaji mkuu wa Johnnie Walker, chapa ya kampuni ileile iliyonunua kiwanda cha Elizabeth Cumming. Alifika hapo kwa shahada na kwa miaka ya kazi. Ningependa waajiri waliomo humu, wa chai, wa sukari, wa saruji, waniambie baada ya mhadhara huu: katika maghala yenu, nani anaandika daftari, na ni lini mara ya mwisho alipoulizwa maoni yake kabla ya uamuzi kupitishwa?