Uso wa Nani Unaonekana? Namna ya Kuuchambua Mchezo wa Televisheni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu na wanafunzi wa somo la habari, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya namna ya kuuchambua mchezo wa televisheni. Najua wapo kati yetu watu wazima wanaodhani kwamba kazi hiyo ni ya bure, kwa kuwa mchezo ni wa kutazama tu baada ya chakula cha jioni, ucheke au ulie, kisha ukalale. Mimi nasema hivi: mtu anayekuchekesha kila juma kwa miaka kumi amekufundisha kitu, hata kama hukujua kwamba uko darasani. Ni vyema basi tujue anafundisha nini, na kwa vyombo gani.

Walimu wenu hutumia maneno mawili. La kwanza ni ufundi: yaani kamera, sauti, mandhari pamoja na mavazi, na kule kukata na kuunganisha picha. La pili ni uwakilishi: yaani namna watu wa aina fulani, kama vile wanawake, maskini, wazee au watu wa kabila fulani, wanavyoletwa mbele ya macho yetu. Vijana wengi huyaandika mambo haya katika kurasa mbili mbalimbali. Ukurasa mmoja hutaja picha za karibu na za mbali. Ukurasa wa pili hulalamika kwamba mwanamke ameonewa. Leo nataka kuwaonyesha kwamba mawili hayo ni jambo moja. Uwakilishi haukai katika nia njema ya mtunzi. Unakaa pale kamera iliposimama.

Tuchukue mchezo wa Kimarekani uitwao Roots, uliotokana na kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976. Kituo cha ABC kiliuonyesha kwa siku nane mfululizo, tangu tarehe 23 hadi 30 Januari 1977, na inakadiriwa kwamba watu kama milioni 100 waliitazama sehemu ya mwisho. Ni habari za Kunta Kinte, kijana wa Kimandinka wa Juffure, Gambia, aliyekamatwa akauzwa utumwani Marekani, na habari za kizazi chake.

Tazameni kwanza uchaguzi wa waigizaji. Kunta kijana aliigizwa na LeVar Burton, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye watazamaji hawakumjua. Lakini Wazungu waliopewa kazi ya kuwasafirisha na kuwamiliki watumwa walikuwa nyuso zilizozoeleka majumbani: Lorne Greene, baba wa Bonanza, Robert Reed, baba wa The Brady Bunch, Ralph Waite, baba wa The Waltons. Hao ndio waliokuwa akina baba wema wa televisheni ya Marekani. Mtazamaji hakuweza kujidanganya kwamba ukatili ule ulifanywa na majitu yasiyojulikana. Aliuona ukifanywa na baba aliyezoea kumtazama sebuleni kila juma. Huo ni ufundi, na papo hapo ni uwakilishi.

Lakini pana upande wa pili. Ed Asner, naye kipenzi cha watazamaji, aliigiza nahodha wa meli, mcha Mungu anayesumbuliwa na dhamiri. Katika kitabu tunasafiri ndani ya tumbo la meli pamoja na Kunta, na tunaona yale anayoyaona yeye. Katika televisheni kamera hupanda juu mara kwa mara hadi chumba cha nahodha, ikakaa naye na kumtazama akihangaika. Kila dakika tunayokaa juu na majuto ya nahodha ni dakika tuliyowaacha watu chini katika minyororo. Mtazamaji Mzungu alipewa mtu wa kumhurumia asiye mtumwa. Pengine bila hivyo wengi wangezima televisheni zao. Hata hivyo mchambuzi ni lazima aulize: nafasi hiyo imechukuliwa kutoka kwa nani?

Sasa linganisheni na pale Kunta anapochapwa mjeledi ili alikubali jina la Toby. Kamera haikuridhika na mgongo wake tu. Inarudi usoni mwake, na inakwenda kwa watumwa wenzake waliolazimishwa kutazama. Kwa hiyo hatumwoni mtu anayepigwa tu. Tunamwona mtu mwenye jina, anayelitetea jina lake mpaka nguvu zimwishie, mbele ya watu wanaomfahamu. Kama mwongozaji angeichukua picha hiyo kwa mbali, kutoka barazani kwa bwana, maneno yangekuwa yale yale na mapigo yale yale, lakini sisi tungekuwa tumesimama upande wa bwana.

Mchezo huo ulitengenezwa upya mwaka 2016, na Malachi Kirby akawa Kunta. Mwaka 1977 Juffure ilikuwa kijiji kidogo cha vibanda, kilichojengwa karibu na Savannah, katika jimbo la Georgia. Mwaka 2016 Juffure ni mji wa biashara kando ya mto, wenye shughuli na siasa zake. Nyumba na mavazi tu vimebadilika, lakini maana nayo imebadilika: kwanza tuliona watu waliotolewa katika usingizi wa asili, baadaye tukaona watu walionyang'anywa dunia iliyokamilika. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mandhari yalikuwa ya kupendeza" hajasema kitu. Aseme mandhari yametufanya tuamini nini.

Msidhani mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Tuje nyumbani. Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 inaitwa KBC, ilituletea kwa miaka mingi Vitimbi na Vioja Mahakamani. Hapakuwa na fedha za meli wala za kujenga miji. Chombo kikubwa kilikuwa sauti, na hasa lafudhi. Hakimu anazungumza Kiswahili kilichonyooka. Mshtakiwa anakuja na Kiswahili cha kwao, na watu wanacheka kabla hajamaliza sentensi. Sikio letu linafundishwa nani mwerevu na nani mjinga, bila mtu yeyote kusema hivyo.

Walakini, mambo si mepesi kiasi hicho. Mara nyingi mshtakiwa yule yule ndiye anayetoa jibu la kuipiga chenga mahakama nzima, na kicheko kinageuka. Tena mkumbukeni marehemu Mzee Ojwang', aliyefariki mwaka 2015. Jina lake hasa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Jina la Kijaluo na lafudhi ya Kijaluo alivivaa kama mtu avaavyo koti. Alipendwa nchi nzima, na Wajaluo wenyewe wakiwemo. Kwa nini hakuonekana kama mtu wa kuwadhihaki? Nadhani ni kwa sababu chini ya koti palikuwa na mtu: ana mke anayemjibu, ana tamaa, ana hofu, anashindwa na anajaribu tena. Hicho ndicho kipimo ninachowapa. Mvueni mhusika lafudhi yake, kisha mtazame kama kuna mtu anayebaki. Kama habaki mtu, basi hapakuwa na mhusika, palikuwa na dhihaka.

Na sisi watu wa pwani tujiulize. Ni mara ngapi tumeletwa kwenye kioo kama mganga mwenye kofia, au mvivu aliyelala chini ya mnazi? Na kabla hatujawalaumu wengine, tutazame michezo yetu wenyewe. Mtumishi wa nyumbani anaingia na sinia la chai, na mara nyingi kamera inamkata kichwa: tunaona mikono, tunaona sinia, uso hatuuoni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto anayetazama amejifunza kwamba katika nyumba hiyo yuko mtu asiyekuwa na uso.

Kwa hiyo vijana, fanyeni hivi. Chagueni dakika nne tu za mchezo, mzitazame mara tatu. Mara ya kwanza zimeni sauti, muandike uso wa nani umeonekana kwa karibu, na kwa muda gani. Mara ya pili fumbeni macho, msikilize nani anazungumza, nani anakatizwa, na muziki unaanza mtu gani anapoingia. Mara ya tatu angalieni kila picha inapokatwa: tulimwacha nani, tukaenda kwa nani? Msianze kutoa hukumu kabla ya kuhesabu. Mkisha kuhesabu, hukumu itakuja yenyewe, na hakuna mtahini atakayeweza kuipuuza.

Nasema haya kwa sababu ninyi hamtakuwa watazamaji tu. Zamani kamera ilikuwa mali ya serikali na ya matajiri. Leo mnayo mifukoni, ndani ya simu. Mtatengeneza michezo kabla hamjaota ndevu. Wenzenu wa kijijini, mama muuza samaki, mlinzi wa lango hili, wote watapita mbele ya kamera zenu, na ninyi ndio mtakaoamua kama watapita na nyuso zao au bila nyuso. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mchukueni kila mtu picha kama ambavyo mngetaka mama zenu wachukuliwe.