Tarumbeta Ndani ya Fleti

Leo nasema nawe unayepiga tarumbeta katika bendi ya kanisa au ya shule, nawe unaishi katika fleti za Nairobi, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga.

Tarumbeta likipulizwa kwa nguvu hupita desibeli 100. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Tafuta kizibo cha mazoezi, kile kinachoingizwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta. Hupunguza sauti sana. Lakini pumzi hukutana na upinzani, na noti hupanda kidogo. Ukikitegemea kila siku, sikio na pumzi vitazoea vibaya. Kwa hiyo pata japo siku moja kwa wiki ya kupiga wazi, kanisani kabla ya ibada au uwanjani.

Nyumbani, funga madirisha na uzibe mwanya wa chini ya mlango kwa taulo, maana penye kupita hewa sauti nayo hupita. Elekeza tarumbeta kwenye kabati lililojaa nguo. Godoro ukutani hupunguza mwangwi wa chumbani tu. Jirani bado atakusikia.

Zaidi ya yote, bisha hodi kwa jirani kabla hajabisha yeye. Muulize mtoto hulala saa ngapi, na kama kuna mtu wa zamu ya usiku. Nenda leo, kabla hujapuliza noti ya kwanza.